Baba Anayeishi Baharini

Watu wengi wakinusa harufu ya utotoni mwao hulainika. Mimi hukunja uso. Harufu yangu ni ya maziwa ya ngamia yaliyokaa katika chombo kilichofukizwa, ule moshi mwembamba unaobaki kooni baada ya chai kwisha, na kila ninapoipata, iwe Garissa au kwenye hoteli za Islii kule Nairobi, mkono wangu wa kulia hutaka kumfinya mtu sikio. Mtu huyo ni ndugu yangu Bishar. Juzi tu, baada ya Idi, nilikuwa nimeketi barazani kwake nikinywa chai hiyo hiyo, naye akatamka neno moja lililonifanya nikitue kikombe. Neno lenyewe nitawaambia, lakini kwanza lazima mjue lilivyonitesa.

Ilikuwa miaka ya tisini. Tulikaa Garissa, upande wa mji unaoelekea soko la mifugo, mahali ambapo asubuhi huamshwi na jogoo bali na ngamia anayelalamika. Aabo, ndivyo tunavyomwita baba kwa Kisomali, alinunua ng'ombe na kuwapeleka Nairobi kwa lori, kwa hiyo nyumbani alikuwa mtu wa kuja na kuondoka. Hooyo, mama yetu, aliuza maziwa. Kila alasiri alivisafisha vyombo vyake, kisha akatumbukiza vijinga vya moto ndani, akafunika, akatikisa, akamwaga majivu, na moshi ukabaki umeganda kwenye kuta za chombo ili maziwa ya kesho yasiharibike. Sisi wawili tuliketi mkekani kando yake na kitabu chetu cha Kiswahili. Alitaka tukae pale pale anapoweza kutuona. Kitabu kile kilinuka moshi hata mwalimu akaniuliza kama tulikuwa tunakikausha kama nyama.

Sasa niwaeleze mimi nilifikaje shuleni, maana hapo ndipo jambo lote liliposimama. Wakati ule, mtaani kwetu, msichana kwenda shule halikuwa jambo la lazima. Aliyetakiwa asome alikuwa Bishar, mtoto wa kiume wa kwanza. Lakini Aabo hakuijua shule, na kitu asichokijua hakukitumbukizia mali yake hivi hivi. Kwa hiyo alinitanguliza mimi, kama mtu anavyomtanguliza punda mtoni kabla ya kuingiza ng'ombe. Nikaenda, sikuzama. Bishar alipofikia umri wake akapelekwa, na mimi nikaambiwa kazi yangu sasa ni kumshika mkono njiani na kumsaidia masomo nyumbani. Sikuchukia kuwa punda. Nilichojua ni kwamba ng'ombe akitolewa mtoni, punda naye hana sababu ya kubaki majini.

Nami nilitaka kubaki. Nilikuwa wa kwanza darasani. Nilipenda chaki, nilipenda kengele, nilipenda kuitwa mbele nisome. Nilisoma kama tulivyosoma dugsi, chuo chetu cha Kurani: kwa sauti, kwa kasi, bila kupumua, ukurasa wote ukiwa kichwani. Kama mngeniuliza ukurasa huo ulikuwa unasema nini, ningewatazama kama wajinga. Ulikuwa unasema yale niliyoyasoma.

Bishar hakutaka. Hakulia, hakukataa kwa maneno, aliketi tu mkekani na macho yake yakaenda sokoni. Mtoto huyu aliweza kumwona ngamia upande wa pili wa uwanja akakuambia alama iliyo shingoni mwake ni ya ukoo gani na kama mguu wa nyuma unamuuma. Ukimwonyesha herufi, anakuwa kipofu. Nilimfundisha "a", akaisahau kabla hatujafika "e". Nilimfundisha kwa upole, nikamfundisha kwa kelele, nikamfundisha kwa kumfinya sikio. Hooyo akasema, bila kuinua kichwa kutoka kwenye moshi wake, kwamba sikio si chombo cha maziwa, halifunguki kwa kuvutwa.

Herufi zilizotusumbua zaidi zilikuwa "b" na "p". Kisomali hakina P. Sisi tulisema bolisi, tukasema bilau, tukasema besa, na hakuna aliyetuona tumekosea kwa sababu kila mtu karibu yetu alisema hivyo hivyo. Walimu waliotoka mbali walijaribu kuturekebisha mwaka mmoja au miwili, kisha wakachoka. Kwa hiyo mimi, wa kwanza darasani, nilikuwa na elimu yangu kamili juu ya jambo hilo, na nilimpa Bishar kama nilivyokuwa nayo. Hizi mbili ni sauti moja, nilimwambia. Moja imebeba tumbo chini, nyingine imebeba tumbo juu. Usiulize kwa nini.

Mwaka ule mvua zilikuja vizuri kaskazini, na habari zikafika kwamba Adeer Noor, ndugu yake Aabo, alikuwa na ngamia wengi huko Buna, mbele ya Wajir, na watoto wa kuwachunga ni wachache. Aabo alirudi safarini akamtazama Bishar na kitabu chake kilichofunguka ukurasa ule ule aliouacha. Akasema muhula ukiisha angetaka kusikia mwanawe akisoma ukurasa mmoja, wote, mwenyewe. Akiweza, atabaki. Asipoweza, lori la Wajir linaondoka kila wiki, na Adeer Noor atamfanya mtu. Bishar aliposikia hivyo uso wake ukang'aa. Buna kulikuwa na ngamia zaidi ya wale aliokuwa akiwatazama kwa mbali. Aliyepigwa na habari ile ni mimi, na sikumwambia mtu, kwa sababu ningeanzaje kumwambia mtoto asome ili mimi nisome?

Kwa hiyo tuliketi mkekani, mimi nikivuta huku, yeye akivuta kule, na yeye alikuwa na nguvu kuliko mimi kwa sababu kushindwa hakuchoshi. Nilimchukia. Nasema wazi: kulikuwa na alasiri nilimtazama kichogo nikatamani lori lije hata kesho, mradi niondokane na kusema "soma, Bishar" mara nyingine tena. Kisha nilikumbuka kwamba lori hilo lingeniondoa na mimi, nikaanza upya.

Ukurasa niliouchagua ulikuwa mfupi. Kitabu kilikuwa kimepita mikono mingi kabla yetu, na nusu ya juu ya ukurasa, penye picha, ilikuwa imekwenda na mtoto fulani wa zamani, au na mbuzi. Yalibaki maneno tu. Nilimsomea mimi kwanza ili aige. "Papa anaishi baharini." Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Mimi, kwa kinywa changu cha Garissa, nikasoma: "Baba anaishi baharini."

Msinicheke. Baba wa kwenye vitabu alikuwa mtu wa ajabu tangu darasa la kwanza. Kila ukurasa alishika jembe. Alichimba chini asubuhi, alichimba jioni, hakuwa na mbuzi hata mmoja, na watoto wake walikuwa wakimchekea tu. Mtu wa namna hiyo akihamia baharini mimi sishangai. Niliendelea: ana meno makali, jino likitoka jingine huota.

"Baba wa nani?" Bishar akauliza.

Hakuwa amewahi kuuliza swali lolote juu ya kitabu.

"Soma, usiulize," nikamwambia.

Lakini aliuliza. Aliuliza kama huyo baba ana ngamia huko baharini. Aliuliza anapumuaje. Aliuliza kama jino la Aabo, lile lililong'olewa na teke la ndama, nalo litaota, na kama halikuota ni kwa sababu Aabo anakaa nchi kavu. Mimi nilikasirika sana, maana muda ulikuwa unakwenda na mtoto alikuwa anapoteza alasiri nzima kuuliza mambo ambayo hayamo kwenye mtihani. Nikaondoka kwenda kuchota maji. Niliporudi nilimkuta amelala kifudifudi juu ya kitabu, kidole chake kikisukuma herufi moja baada ya nyingine kama mtu anayesukuma mbuzi wakaidi kupita mlangoni. Alikuwa anatafuta mwenyewe huyo baba anakula nini.

Kuanzia siku hiyo sikumlazimisha tena. Alisoma mstari mmoja akaketi kuufikiria, akasoma mwingine. Hata hilo lilinikera. Mimi ningemaliza ukurasa wote kabla yeye hajamaliza kushangaa mstari wa kwanza.

Muhula ulipokaribia kuisha, Aabo akarudi. Baada ya sala ya alasiri aliketi mkekani na kikoi chake safi, Hooyo akampa chai, na Bishar akasimama mbele yake na kitabu. Mimi nilisimama nyuma ya mlango nikiwa nimeshika fremu kwa mikono miwili.

Alisoma. Polepole, lakini alisoma, kila neno.

"Baba anaishi baharini. Baba ana meno makali. Jino la baba likitoka, jingine huota."

Aabo alijua Kiswahili cha sokoni, cha kuuzia ng'ombe, nacho kilimtosha kuelewa. Kikombe kilisimama karibu na mdomo.

"Baba husikia harufu ya damu kutoka mbali. Baba hana rafiki. Baba huzaa watoto wengi, lakini hawalei. Watoto wa baba hujitafutia chakula wenyewe."

Aabo akamwambia arudie, akarudia. Mstari wa watoto ulisikika vizuri zaidi mara ya pili. Aabo akamgeukia Hooyo akamuuliza kama amesikia.

"Nimesikia," Hooyo akasema, na mtandio tayari ulikuwa umefika puani. "Kimeandikwa na mtu anayekujua."

Aabo hakucheka. Aliinuka akaenda kulala bila kumaliza chai, na mimi nilijua kwamba lori la Wajir limepata abiria.

Asubuhi alivaa kofia yake ya Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa, akachukua kitabu, akatuamuru tumfuate shuleni. Tulipelekwa ofisi ya walimu kwa Mwalimu Charo, mwalimu wa Kiswahili, mtu mrefu aliyetoka pwani na ambaye joto la Garissa lilikuwa limemshinda tangu alipofika. Aabo aliweka kitabu mezani.

"Mwalimu, kitabu hii nani aliandika?"

Mwalimu Charo akasema kimeandikwa Nairobi, mzee, kuna tatizo?

"Watu ya Nairobi wanajua mimi wabi? Mimi sina meno makali. Mimi nalea watoto yangu. Safari ni kazi. Andika hiyo bia."

Mwalimu aliusoma ukurasa. Aliusoma tena. Kisha akaenda ubaoni, mgongo wake ukitikisika, akachora samaki mkubwa mwenye pezi mgongoni na meno kama msumeno. Aabo aliutazama mchoro muda mrefu, kwa jicho lile lile analomtazamia fahali asiyemwamini.

"Hii ni samaki," akasema.

"Ndiyo, mzee. Samaki mkubwa. Kwetu pwani tunamwita papa."

"Na mimi?"

"Wewe haumo, mzee."

Mwalimu alichana kipande cha karatasi, akakining'iniza mbele ya midomo yake. Akasema "baba", karatasi ikatulia. Akasema "papa", karatasi ikaruka. Akampa Aabo. Baba yangu, mtu aliyeogopwa na madalali wa soko zima, alisimama katikati ya ofisi ya walimu na karatasi mbele ya ndevu zake akisema baba, baba, baba, na karatasi haikutikisika. Nikapewa mimi. Nilikuwa na uhakika. Karatasi ikatulia kama imegandishwa. Niliirudia mpaka midomo ikauma, na nilitamani sakafu inimeze, kwa sababu ghafla nilielewa kwamba kila neno la Kiswahili nililowahi kulisoma kwa sauti mbele ya darasa huenda lilikuwa neno lingine. Kabla Bishar hajajaribu, kengele ikalia na Mwalimu akachukua chaki zake.

"Kwa hiyo mimi na samaki hii," Aabo akasema, "tofauti ni ubebo tu."

Mwalimu alikubali kwamba ni upepo tu. Aabo akawaza. Nilisubiri kusikia jina la Wajir. Badala yake alimwekea Bishar mkono kichwani.

"Kijana amesoma, mimi nimekasirika, nimekuja mbaka huku kwa mguu. Kama hajui kusoma, mimi nimekasirika na nini? Kijana anajua."

Ilikuwa imekwisha. Nilikuwa bado sijapumua vizuri aliponigeukia mimi na kuzungumza Kisomali, kwa upole, kama mtu anayetoa zawadi. Akasema nimefanya kazi nzuri. Imebaki hiyo P tu. Nimmalizie ndugu yangu hiyo P, na akishaimaliza nitapumzika, nitakaa nyumbani nimsaidie Hooyo maziwa.

Tulirudi kwa mguu. Aabo alitangulia, amefurahi, akisalimiana na kila mtu. Mimi nilimfuata. Bishar alikuwa nyuma yetu sote, ameweka kiganja mbele ya mdomo, nami nilidhani anajikinga na vumbi la malori.

Sasa fikirini hali yangu. Bishar akishindwa kabisa, naogopa Aabo ataikumbuka Buna. Bishar akiweza, mimi nakwenda kufukiza vyombo. Na katikati yake kuna herufi moja ambayo mimi mwenyewe siwezi kuitamka. Nilichana karatasi, nikamkalisha mkekani, nikamwambia apulize. "Baba," akasema. Tena. "Baba." Nilijifunza mwenyewe kwanza ili nimwonyeshe, nilipuliza asubuhi, nilipuliza nikichota maji, mpaka alasiri moja karatasi ikaruka mbele ya midomo yangu na Hooyo akainua kichwa. Nilifurahi nusu ya dakika. Kisha nikampa Bishar karatasi ile ile, na karatasi ikalala.

Na hapo ndipo kukasirika kwangu kulipopata mahali pa kudumu. Kwa sababu mtoto yule sasa alikuwa anasoma kila kitu. Mwalimu Charo alikuwa na sanduku la bati lenye vitabu, akamruhusu achukue kimoja kimoja, na Bishar alivila kama mbuzi aliyefunguliwa shambani. Alisoma sokoni amekaa juu ya ua wa ngamia, mgongo wake ukiwaelekea ngamia. Alisoma gazeti lililofungia sukari, na habari ikikatika katikati alirudi dukani kumuuliza mwenye duka iliko karatasi iliyobaki. Alinifuata jikoni na maswali: nyangumi ni samaki au si samaki, theluji ina ladha gani, kwa nini yule mvulana wa kwenye hadithi hakumwambia mama yake ukweli. Nilimwambia asome, asiulize, na hakunisikia. Ili aniache nilianza kufungua vitabu vyake mwenyewe kutafuta majibu. Mara ya kwanza nilipofika mwisho wa hadithi na kugundua kwamba jua limekwenda na maji sijachota, niligombezwa sana, na sikujali. Nilikuwa nimesoma kwa miaka, na ile ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kusoma.

Lakini P. Kila Aabo aliporudi safarini aliketi, akanywa chai, akaita: soma ile samaki. Bishar angesimama, angekohoa kidogo, angesoma ukurasa wote bila kusita, kila herufi mahali pake, na papa wote wangekuwa baba. Aabo alianza kwa kukasirika, baadaye akazoea, na mwishowe nadhani alikuwa akiupenda mchezo ule. "Bado mimi niko baharini," angesema, kisha angenitazama mimi: mwalimu wake aendelee. Nami niliendelea, muhula baada ya muhula, darasa baada ya darasa, nikimfundisha kwa mdomo na kumwomba Mungu kwa moyo asijue, na bado nikipandwa na hasira kila anapokosea, maana kosa lilikuwa langu mbele ya watu. Mtoto anasoma magazeti ya watu wazima, anashindwa kusukuma pumzi kidogo katikati ya midomo! Nilimwambia ni mvivu. Nilimwambia ni kichwa maji. Alinitazama kwa macho yale matulivu ya mkekani, akasema "baba".

Nilipomaliza darasa la nane matokeo yalikuwa mazuri, na Mwalimu Charo alikuja nyumbani kuniombea niende shule ya upili. Aabo alikuna ndevu. Kufikia wakati huo alikuwa ameshazoea kuniona na vitabu, kama mtu anavyozoea mti uliojiotea uani kwake. Akasema niende, labda huko watanifundisha namna ya kumfundisha huyu. Siku ya kuondoka nilimkalisha Bishar mara ya mwisho kando ya vyombo vya Hooyo, nikaweka karatasi mbele yake. Karatasi haikutikisika. Niliitupa kwenye vijinga nikaingia ndani ya gari bila kumuaga vizuri.

Leo mimi ni mwalimu wa watoto wadogo, na kazi yangu ni hizo hizo herufi; yawezekana nimewafundisha P watoto wengi kuliko mtu yeyote wa Garissa. Bishar yuko ofisi ya maji, ana kabati la vitabu linalogusa dari, na sisi wawili huzungumza Kisomali, lugha isiyo na P ya kumfichua mtu. Kwa hiyo juzi nilikuwa sitarajii chochote. Nilikuwa na chai yangu ya moshi, yeye alikuwa na gazeti, na binti yake Hodan alikuwa sakafuni anasoma kitabu cha shule.

"Baba anakula samaki wadogo," Hodan akasoma.

"Papa, Hodan," Bishar akasema bila kuondoa macho kwenye gazeti. "Papa."

P ilitoka safi kila mara, na ncha ya gazeti lake ikatikisika.

Nikakitua kikombe. Nilimuuliza tangu lini. Alielewa mara moja nauliza nini, akalikunja gazeti taratibu kama mtu aliyefikiwa na mgeni aliyemtarajia zamani.

"Tangu siku ile tuliyotoka ofisini kwa Mwalimu, abaayo, dada yangu. Niliipata njiani, nyuma yenu, kwa kiganja."

Nilimkumbusha karatasi. Nilimkumbusha matusi yangu yote, miaka yote ile, Aabo akimcheka mbele ya wageni, mimi nikimwita kichwa maji. Nilimuuliza kwa nini alikubali.

"Aabo alisema nikiimaliza P wewe utapumzika," akasema. "Sasa ningeimaliza vipi?"

Aliyasema hayo kana kwamba ni hesabu ya darasa la pili. Mimi nilikuwa sijawahi kumwambia hata siku moja kwamba nataka kubaki shuleni. Nilidhani nimeificha. Nilikuwa nimeketi mkekani kwa miaka nikilalamika kwamba mtoto huyu hasomi, na yeye, kati ya vitabu vyote vya Mwalimu Charo, alikuwa amenisoma mimi.

Nilitaka kumshukuru. Maneno hayakuja, mkono ukatangulia, nikamfinya sikio kwa nguvu kama zamani, na yeye akaacha nimfinye.

Hodan aliinua kichwa kutoka kwenye kitabu chake. "Edo," akaniuliza, maana mimi ni shangazi yake, "Aabo wangu amekosa nini?"

"Alikosea kusoma," nikamwambia, nikaliachia sikio.